Mmoja ataka kutoa kibofu chote, mwingine kipande pamoja na kitovu. Nimsikilize nani?

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 26. Jina langu naomba usilitaje, maana hata watu ninaokula nao sahani moja hawajui nusu ya haya ninayokuandikia.

Mwaka jana nilianza kuona damu kwenye mkojo. Haikuwa kila siku. Inakuja leo, inapotea wiki mbili, inarudi. Kila nilipokwenda kupima niliambiwa ni UTI, nikapewa vidonge, nikamaliza dozi. Baadaye kikaongezeka kitu kingine: utelezi mzito mweupe ndani ya mkojo, kama ute wa yai. Huo sikumwambia mtu, hata daktari. Niliona aibu. Nilidhani ni mambo ya kike tu, yatapita.

Mara ya nne nilimkuta daktari kijana aliyesema haiwezekani mtu apewe dawa ileile kila mwezi kwa ugonjwa uleule. Akaniandikia picha ya CT, kisha nikapitishiwa kamera kwenye njia ya mkojo. Wakakuta uvimbe juu kabisa, kwenye paa la kibofu. Wakanyofoa kinyama, kikaenda maabara. Jibu likarudi: adenokasinoma ya urakusi. Nilisoma maneno hayo nimesimama kwenye korido na sikuweza hata kuyatamka.

Sasa nina karatasi mbili. Daktari bingwa wa kwanza anasema kibofu chote kitolewe, na kwa kuwa mimi ni mwanamke huenda kizazi nacho kikaondoka. Mkojo utatokea tumboni na kuingia kwenye mfuko. Kwenye karatasi yake ameandika "hatua ya III A". Bingwa wa pili ametazama picha zilezile na majibu yaleyale, akasema inatosha kukata sehemu ya juu ya kibofu, kuondoa kamba inayotoka hapo kwenda kitovuni, na kitovu chenyewe. Yeye ameandika "hatua ya I". Niliporudi nyumbani niliziweka karatasi mezani bega kwa bega. Unawezaje kuwa na hatua ya tatu na ya kwanza kwa wakati mmoja? Mmoja wao lazima anadanganya au hajui kazi.

Kaka yangu mkubwa ndiye anayenilipia tangu baba afariki. Ameishikilia karatasi ya kwanza. Anasema, "Wang'oe chote, tusirudi huku tena. Nimeshamzika baba, sitaki kukuzika wewe." Mimi nimeishikilia ya pili. Nafikiri, kama ni hatua ya kwanza, basi si kuna nafasi? Harusi yangu iko baada ya miezi mitano. Nikifunga ndoa kwanza kisha nikafanyiwa upasuaji, kuna ubaya gani?

Halafu kuna jambo ambalo ndilo linalonitoa machozi usiku, na naogopa utanicheka. Ni kitovu. Nilimwomba yule bingwa wa pili akiache. Alikataa. Nikamwomba tena kabla sijatoka, akakataa tena. Naambiwa nina kansa, mimi nalilia kitovu! Lakini nikijishika tumbo gizani nakigusa, naona kama nitakuwa mtu asiyezaliwa.

Mchumba wangu anajua nina "uvimbe mdogo", basi. Mama yeye analia tu na kuomba. Wiki ijayo kaka anataka jibu, kwa sababu anasema pesa ni zake na akili zangu zimevurugika.

Nisaidie, Mama. Nimsikilize nani?

Binti yako, jina limehifadhiwa.


Mama Mshauri anajibu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Umefunga fundo moja la vitu vingi: karatasi mbili, kaka, harusi, kitovu. Mimi si daktari. Mambo ya tiba niliyoandika hapa nimekaa nayo na bingwa mmoja wa upasuaji wa njia ya mkojo, ambaye faili lako hajaliona. Kwa hiyo ukiona jambo linakugusa, lichukue uende nalo kama swali kwa wanaokutibu.

Nianze na zile karatasi, maana naona mengine yote yamejengwa juu yake. Unasema lazima mmoja anadanganya. Hebu tuliweke hilo pembeni kwanza.

Ulipokuwa tumboni mwa mama yako, juu ya kibofu chako kulikuwa na mrija uliopanda hadi kitovuni. Huo ndio urakusi. Kabla mtoto hajazaliwa mrija huo kwa kawaida hujifunga na kunywea, ukabaki kamba tu ukutani mwa tumbo, na wengi wetu tunaishi hadi uzee bila kujua kwamba tunayo. Kwa watu wachache mno, masalia ya ndani ya kamba hiyo hugeuka saratani, na adenokasinoma ni saratani ya chembe za aina inayotengeneza ute. Katika kila saratani 100 za kibofu, hii haifiki hata moja. Saratani ya kawaida ya kibofu ni ya watu wazima sana, kule Marekani wastani wa umri wa kugunduliwa ni miaka 73 hivi, na ndiyo maana binti wa miaka 25 mwenye damu kwenye mkojo hupewa dawa za UTI. Silitetei hilo. Damu inayorudi tena na tena ilipaswa kumshtua mtu mapema. Na ule ute ulioonea aibu ni alama ya ugonjwa huu hasa: chembe zake hutengeneza utelezi kama zinavyofanya chembe za utumbo. Kama hadi leo hujawaambia madaktari habari za ute, waambie.

Sasa hizo hatua. Kwa kuwa ugonjwa ni adimu, madaktari wamekuwa na vipimo zaidi ya kimoja vya kuupangia hatua. Kimoja ni cha daktari Sheldon na wenzake, cha mwaka 1984. Kingine kilitoka hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, mwaka 2006. Kwa Sheldon, uvimbe ukishatoka kwenye urakusi na kuingia kibofuni, moja kwa moja umekuwa III A. Na wengi hawagunduliki mpaka uvimbe uingie kibofuni na kuanza kutoa damu, kwa hiyo wengi wanaanzia hapo hapo, kwenye tatu. Kwa Mayo, uvimbe ukiwa bado umo ndani ya urakusi na kibofu, haujapenya kuta zao kutoka nje, haujafika kwenye tezi za limfu (vile vinundu vya kinga ya mwili) wala mbali, unaitwa hatua ya I. Uvimbe uleule, mwanangu. Ni kama mtu kupimwa kimo kwa futi na kwa mita: namba mbili, mtu mmoja.

Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema inawezekana kabisa hakuna aliyekosea, na swali la kumuuliza kila mmoja ni fupi: "Umetumia kipimo cha nani?" Kaka yako alisikia "tatu" akakumbuka msiba. Wewe ulisikia "moja" ukapata usingizi. Nikuambie ukweli hata kama unauma kidogo: hiyo moja yako si kitu kidogo kilichokaa pembeni kikisubiri harusi ipite, na ile tatu ya kaka si hukumu. Isitoshe, zote mbili ni makadirio. Hatua yenyewe itajulikana baada ya kilichokatwa kuchunguzwa maabara.

Tuje kwenye kisu. Kaka yako anaamini kwamba kukata zaidi ni kupona zaidi. Namwelewa, na hata madaktari wa zamani wengi waliamini hivyo. Lakini kwa saratani hii ya urakusi, waliofuatilia wagonjwa kwa miaka hawakuona kwamba waliotolewa kibofu chote waliishi muda mrefu kuliko waliokatwa sehemu, maadamu kingo za kilichokatwa zilikuwa safi. Kingo ndilo neno la kushika. Maabara hutazama ukingo wa nyama iliyotolewa: kama chembe za saratani zimefika pale kisu kilipopita, basi zingine huenda zimebaki mwilini. Kibofu kizima kinaweza kutolewa na kingo zikawa chafu upande wa ukuta wa tumbo. Kipande kinaweza kutolewa na kingo zikawa safi pande zote. Nakiri pia kwamba tafiti hizi ni za wagonjwa wachache wachache. Ugonjwa adimu haupati jaribio kubwa la kulinganisha njia mbili, na yeyote atakayekuambia ana uhakika wote, msikilize kwa sikio moja.

Je, daktari wa kwanza ana sababu? Huenda anayo. Uvimbe ukiwa mkubwa, au ukiwa umeshuka kutoka kwenye paa hadi karibu na mirija ya figo, kibofu kitakachobaki hakitafaa kitu. Au pengine ana shaka kwamba si ya urakusi. Adenokasinoma iliyozaliwa ndani ya kibofu chenyewe ni jambo jingine, na huko kutoa kibofu chote ndiyo njia iliyozoeleka. Kuna na ya tatu: saratani ya utumbo mpana inaweza kutambaa hadi kibofuni, na chini ya darubini hizi mbili zinafanana kama mapacha. Katika barua yako sikuona mahali ulipopitishiwa kamera ya utumbo mpana. Kama haijafanyika, uliza kwa nini.

Kila njia ina gharama yake mwilini. Ukikatwa sehemu, utakaa na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili hivi. Mpira ukishatolewa, utashangaa jinsi unavyokimbilia chooni, usiku na mchana, kwa sababu kibofu kimekuwa kidogo. Kwa wengi kinatanuka polepole miezi inavyokwenda. Kizazi chako kinabaki. Lakini kibofu kilichobaki kinahitaji ulinzi: kamera, picha za CT na vipimo vya damu kwa miaka, hasa miwili mitatu ya mwanzo ambapo ugonjwa hupenda kurudi. Ugonjwa ukirudi kibofuni, mlango wa kutoa kibofu chote mara nyingi bado upo. Ukitolewa chote tangu mwanzo, mlango huo umeshautumia. Kuna mfuko wa nje, au kibofu kipya kinachoshonwa kwa kipande cha utumbo, na watu wanaishi navyo vizuri, wanafanya kazi, wanaoa na kuolewa. Kuhusu kizazi, usikubali neno "huenda". Kwa wanawake vijana kuna madaktari wanaotoa kibofu na kuacha kizazi na mayai pale ugonjwa unaporuhusu. Muulize daktari wa kwanza waziwazi: kizazi changu kitaondoka au hakitaondoka, na kwa nini?

Na hata ile "tusirudi huku tena" ya kaka, mwanangu, haipo kwenye njia yoyote. Hospitali utarudi. Kibofu kikitoka chote bado utapigwa picha miaka ile ile, kwa kuwa saratani hii inaweza kujitokeza tumboni, kwenye tezi, au kwenye mapafu.

Kitovu.

Sikukucheka. Lugha yetu yenyewe inakiita kitovu kila kilicho katikati ya jambo, sasa wewe usikililie kwa nini? Hicho ndicho kovu letu la kwanza, na ndicho peke yake kinachoonekana kwa nje kwamba tuliwahi kufungwa na mama. Lakini nilimuuliza yule bingwa kwa nini mwenzake alikataa mara mbili, naye akanichorea. Akachora kibofu, akachora kamba, akachora kitovu juu. Akasema kamba hiyo ndiyo nyumba ya ugonjwa, na kitovu ni ncha yake ya juu. Daktari anataka kutoa vyote kama kitu kimoja kisichokatwa katikati. Akikata kamba njiani ili kuokoa kitovu, kwanza anaweza kuacha chembe kwenye kipande cha juu, pili anaweza kumwaga ule ute ndani ya tumbo, na ute huo hubeba chembe zinazoweza kuota huko. Wagonjwa walioachiwa kitovu wameonekana kufanya vibaya kuliko walioondolewa. Basi yule daktari hakuwa mkaidi, alikuwa anailinda sehemu muhimu kuliko zote ya kazi yake.

Ambalo huenda hakukuambia, kwa haraka au kwa kuliona dogo, ni kwamba kitovu kinaweza kutengenezwa. Wapo madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile wanaokunja ngozi ya tumbo ikawa kitovu, wakati wa upasuaji uleule au baadaye. Hakitakuwa kile ulichozaliwa nacho. Ila usiulize tena "kiachwe". Uliza "naweza kutengenezewa kingine, lini, na nani?" Nafikiri utapata jibu tofauti.

Miezi mitano sasa. Hapa sitakupaka mafuta. Kwa saratani ya kawaida ya kibofu iliyoingia kwenye msuli, madaktari hawapendi kuvuka wiki 12 tangu igundulike hadi siku ya upasuaji, maana waliochelewa zaidi ya hapo wamefanya vibaya. Kwa ya urakusi sina namba ya kukupa, lakini sioni sababu ya kudhani yenyewe ni mpole zaidi. Unaweza kusogeza harusi mbele. Unaweza kufunga ndoa ndogo ya watu wachache wiki hizi hizi, kisha uingie hospitali ukiwa mke, na sherehe ikaja ukishapona. Unaweza pia kubaki na tarehe yako, ukijua unachoweka rehani. Waulize madaktari wote wawili: "Miezi mitano kwangu mimi inamaanisha nini?" Watazame usoni wakijibu.

Na kabla ya chochote, kama unataka watoto, litaje mapema. Tezi zikikutwa na ugonjwa au kingo zikitoka chafu, huenda ukaambiwa uongezewe dawa za kemotherapia, nyingi zikiwa za jamii ile wanayopewa wagonjwa wa saratani ya utumbo, na dawa hizo zinaweza kuathiri mayai. Kuhifadhi mayai kunawezekana katika baadhi ya hospitali, lakini hufanyika kabla ya dawa kuanza, na kuna gharama.

Sitakuandikia methali ya mficha maradhi, unaijua. Najua kwa nini umemwambia mchumba wako "uvimbe mdogo". Unaogopa ataondoka. Anaweza kuondoka, siwezi kukudanganya. Ila fikiria pia kwamba huyu ndiye unayepanga kuanza naye maisha wakati mpira wa mkojo umening'inia kitandani. Chagua wewe siku na maneno. Ningekuwa wewe nisingeanza na neno saratani wala na kitovu. Ningeanza na damu ya mwaka jana, nisimulie kama ulivyonisimulia mimi, mpaka tufike.

Kaka yako simwoni kama adui. Mtu aliyezika baba akabaki na deni la kuwa baba, hofu yake hutoka kama amri. Lakini pesa inalipia chumba cha upasuaji, hainunui tumbo la mtu. Fomu ya ridhaa utaisaini wewe, na una umri wa kusaini. Badala ya kumjibu ndiyo au hapana wiki ijayo, mwombe kitu kimoja: aje nawe, mkae mbele ya daktari wa pili, kisha mbele ya wa kwanza, na karatasi zote mbili mkononi. Mwache yeye aulize lile swali la vipimo, huku wewe ukiandika majibu kwenye daftari. Nimeona wanaume wakali wakinywea vizuri tu wakipewa kazi ya kuuliza.

Kwenye daftari hilo ongeza na haya: kila daktari ameshafanya upasuaji wa urakusi mara ngapi kwa mkono wake? Ugonjwa huu wengi wanauona mara moja au mbili katika kazi yao yote, kwa hiyo akisema "mara moja" usimdharau, muulize tu kama anaweza kuufanya pamoja na aliyezoea, au kulipeleka faili lako kwenye kikao ambako wapasuaji, wa dawa, wa picha na wa maabara hukaa pamoja. Na kama tezi za nyonga zitatolewa, na kwa nini. Hilo wenyewe hawakubaliani sana, utashangaa.

Usipoelewa jibu, sema hujaelewa. Ulikaa na ute kimya kwa miezi kwa sababu ya aibu. Hii ya sasa usiione aibu.

Na mama yako, anayelia na kuomba, mwombe akulaze mapajani jioni moja umwambie la kitovu. Yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili wa kamba hiyo. Sijui atasema nini, lakini nadhani hilo hatalisikia kama upuuzi.

Niandikie mkishatoka kwa madaktari. Kama kaka atataka kuandika yeye, naye aandike.

Mama Mshauri